UTI POSSIDETIS: MAANA NA SARUFI YA ISTILAHI YA KILATINI KUHUSU MIPAKA

Maneno ya Kilatini yaliyobaki katika siasa na sheria za leo si ya aina moja. Mengine ni majina matupu, kama senatus na forum. Mengine yalikuwa vitenzi au vipande vya sentensi, na watumiaji wamekwisha kusahau asili yake. Veto ni sentensi kamili yenye maana ya "nakataza". Anayesema kwamba nchi fulani imepiga veto anakigeuza kitenzi cha nafsi ya kwanza kuwa nomino. Quorum ni kirejeshi cha wingi, "ambao miongoni mwao", kilichokatwa kutoka katika hati za kuwateua mahakimu wa Uingereza. Usahaulifu huo hauna hasara kubwa. Mtu aweza kuhesabu wajumbe waliohudhuria mkutano bila kujua lolote kuhusu sarufi ya quorum.

Kwa msemo uti possidetis mambo ni tofauti. Mwanafunzi wa sheria au wa uhusiano wa mataifa huupokea ukiwa jina la kanuni, yaani kanuni ya kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Huelezwa kwamba kwa nguvu ya kanuni hiyo mipaka ya nchi za Afrika ni ile iliyochorwa na wakoloni, kisha somo huendelea. Ni nadra kuulizwa msemo wenyewe unasema nini, unamwambia nani, na katika wakati gani. Maswali hayo matatu ni ya sarufi. Hata hivyo majibu yake yanafichua jambo ambalo tafsiri za kawaida hulifunika: kitenzi hiki kilipofika Afrika kilikuwa kimekwisha kubadilika wakati na nafsi, ingawa umbo lake halikuguswa hata herufi moja.

Umbo la maneno

Uti ni umbo refu na la zamani la kiunganishi ut. Kiunganishi hiki kina sura mbili. Kikifuatwa na kitenzi kinachoeleza jambo jinsi lilivyo, maana yake ni "kama" au "jinsi". Kikifuatwa na kitenzi cha hali ya kutaka, maana yake mara nyingi ni "ili". Possidetis ni kitenzi cha nafsi ya pili, wingi, wakati uliopo, hali ya kueleza. Maana yake basi ni "jinsi mnavyo-", na Kiswahili kina bahati ya kuubeba msemo wote kwa neno moja, kwa kuwa kirejeshi -vyo- hufanya kazi yote ya uti. Kifaransa huhitaji maneno matatu.

Irabu moja ikiongezwa, maana hugeuka. Possidetis ni taarifa. Possideatis ni matakwa. Tofauti hiyo ni ileile iliyopo katika Kiswahili kati ya "mnashika" na "mshike". Kilatini kina pia kitenzi pacha chenye maana ya kutwaa, kujitia katika milki, ambacho nafsi yake ya pili wingi ni possiditis. Anayesema possiditis anaeleza tendo la kuchukua; anayesema possidetis anaeleza hali ya kuwa nacho kitu, bila kusema kilipatikanaje. Amri ya Kirumi ilichagua umbo la hali, si la tendo, na uchaguzi huo haukuwa wa bahati.

Kuhusu mzizi, mwanasheria Paulus, akimfuata Labeo aliyemtangulia, aliunganisha neno possessio na sedes, yaani kikao au makazi. Wataalamu wengi wa siku hizi hutaja potis, "mwenye uwezo, bwana", pamoja na sedere, "kuketi". Kwa vyovyote vile, ndani ya kitenzi hiki mna mtu aliyeketi. Hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapokutana na uamuzi wake wa kwanza. Tafsiri inayokuja haraka ni "kumiliki". Lakini kumiliki ni neno la asili ya Kiarabu lenye mzizi uleule wa malik, mfalme, na katika Kiswahili hubeba haki pamoja na utawala: anayemiliki shamba ni mwenye shamba. Waroma walikuwa na neno jingine kwa jambo hilo, nalo ni dominium. Ulpianus alisisitiza kwamba umiliki na possessio ni vitu viwili visivyochanganywa. Mwizi ana possessio. Mwenye mali aliyeibiwa ana dominium.

Kitenzi kilicho karibu zaidi na possidere ni "kukalia", kauli ya kutendea ya kukaa. Hata Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho husema kuikala, kinahifadhi mzizi huohuo wa kuketi na kuishi mahali. Kasoro yake ni kwamba redio zimelizoesha sikio la msikilizaji kusikia "kukalia kwa mabavu" katika habari za vita, hata neno limepata harufu ya dhuluma. Possidere halina harufu hiyo, wala halina sifa. Hueleza tu nani ameketi. Kwa tahadhari hiyo, kukalia ndicho kitakachotumika katika makala haya.

Amri ya pretori

Msemo ulizaliwa katika amri za pretori, hakimu mkuu aliyesimamia mashauri ya raia mjini Roma. Miongoni mwa amri zake zilikuwamo zile zilizoitwa interdicta, makatazo ya haraka ya kuzuia ugomvi kabla kesi yenyewe haijasikilizwa. Gaius, mwanasheria wa karne ya 2 baada ya Kristo, aliieleza amri inayohusika. Maelezo ya Ulpianus, wa mwanzo wa karne ya 3, yamehifadhiwa katika Digesta, mkusanyo uliotangazwa na mfalme Justinianus mwaka 533.

Mambo yalikwenda hivi. Majirani wawili wanagombea nyumba au shamba, na kila mmoja anadai kuwa ndiye aliyelikalia. Pretori hajui nani mkweli, wala haulizi bado nani mwenye mali. Anawageukia wote wawili pamoja na kuwaambia kwamba, kwa jinsi wanavyoikalia mali hiyo kati yao, bila kuipata kwa nguvu, wala kwa siri, wala kwa kuazimwa kwa hisani, anakataza mabavu yoyote ya kuwazuia wasiendelee kuikalia hivyo. Amri hii inaanza na possidetis, kuonyesha hali iliyopo, inapita katika possideatis, kuonyesha hali itakiwayo, na inamalizika na kitenzi ambacho dunia nzima inakijua bila kujua kwamba kilikuwa hapa pia: veto.

Wingi wa kitenzi ndio kiini. Katika makatazo mengine mmoja alikuwa mdai na mwingine mdaiwa. Katika hili wote wawili walikuwa sawasawa mbele ya hakimu, kila mmoja mdai na mdaiwa kwa pamoja, na Waroma waliliita duplex, la pande mbili. "Ninyi" ya possidetis si heshima wala si umati. Ni watu wawili wagomvi waliosimama mbele ya anayesema, wakisikia.

Wakati wa kitenzi nao ulikuwa na uzito. Amri ya ardhi na majengo ilitazama sasa: nani amekalia siku amri inapotolewa. Kwa vitu vinavyohamishika, kama mtumwa au ng'ombe, palikuwa na katazo jingine, utrubi, ambalo lilimpa ushindi yule aliyekishika kitu kwa sehemu kubwa zaidi ya mwaka uliotangulia. Waroma basi walijua vizuri namna ya kuandika amri inayoangalia nyuma. Kwa ardhi hawakufanya hivyo.

Lipo jambo la tatu, dogo kwa sura, ambalo wasomaji wengi hulipita. Zile kasoro tatu, nguvu, siri na hisani, zilihesabiwa alter ab altero, yaani mmoja kutoka kwa mwenzake. Ikiwa mmoja wa wagomvi alilitwaa shamba kwa mabavu kutoka kwa jirani anayeshindana naye, ulinzi ulimponyoka. Lakini ikiwa alilitwaa kwa mabavu kutoka kwa mtu wa tatu asiyekuwepo mahakamani, kasoro hiyo haikumsaidia mshindani wake hata kidogo. Yule wa tatu alipaswa kuja na shauri lake mwenyewe.

Na yote hayo yalikuwa ya muda. Faida ya katazo, kama Gaius na Ulpianus wanavyoeleza, ilikuwa kuamua nani atakuwa mdai na nani mdaiwa katika kesi ya umiliki itakayofuata. Aliyeonekana kuwa amekalia aliendelea kukaa. Mzigo wa kuthibitisha haki ukamwangukia mwenzake. Amri haikumpa mtu shamba. Ilimpa mahali pa kungojea hukumu.

Kutoka shamba hadi nchi

Wanasheria wa Ulaya waliokulia katika sheria ya Kirumi waliyahamisha maneno haya katika mambo ya vita na amani. Vita vinapokwisha, mapatano yaweza kurudisha kila kitu mahali pake pa awali, au yaweza kumwachia kila mmoja alichokishika siku ya kusimamisha mapigano. Njia hii ya pili ndiyo iliyoitwa uti possidetis. Mkataba wa Breda wa mwaka 1667 ni mfano mashuhuri: Waingereza walibaki na New York waliyokuwa wamewanyang'anya Waholanzi, na Waholanzi wakabaki na Suriname waliyokuwa wamewanyang'anya Waingereza. Hapa tayari kitenzi kimepoteza kitu. Sharti la "bila nguvu" limetupwa, kwa kuwa nguvu ndiyo iliyoleta milki yote. Tena hakuna pretori. Wagomvi wenyewe ndio wanaoambiana "jinsi mnavyokalia". Na ile ya muda imekuwa ya daima, kwa kuwa hakuna kesi ya umiliki inayongojewa. Angalau wakati na nafsi vilibaki: waliozungumziwa ndio waliokalia, na walikuwa wamekalia siku hiyo.

Mageuzi makubwa yalitokea Amerika ya Kusini. Makoloni ya Hispania yalipoanza kujikomboa mwaka 1810, majimhuri mapya yalihitaji kanuni ya kugawana ardhi bila kumwaga damu na bila kuacha pengo ambalo dola la Ulaya lingeweza kulidai. Yalikubaliana kwamba mipaka yao iwe ile ya majimbo ya mfalme wa Hispania, kama ilivyokuwa mwaka 1810. Kwa Amerika ya Kati ulichukuliwa mwaka 1821. Kanuni ikaitwa uti possidetis juris. Mwalimu wa Kilatini angelitia wino mwekundu chini ya neno hilo la tatu. Juris ni umbo la kumilikisha, "-a haki", nalo linahitaji nomino ya kuegemea. Hapa limening'inizwa kwenye kitenzi. Kwa "kukalia kwa haki" Mroma angesema jure. Kosa hilo lakini lina ushuhuda wake: aliyeandika juris hakuwa akisikia tena kitenzi. Alisikia jina la kitu, "uti possidetis ya haki", kama vile mtu asemavyo "hati ya haki".

Brazil, iliyotoka katika mikono ya Ureno, ilipendelea kanuni itazame hali halisi, nani amefika wapi na amejenga nini. Jirani zake walitaka karatasi za mfalme. Mabishano hayo ni mabishano juu ya maana ya possidere. Kama kuna mtu aliyeketi ndani ya kitenzi, je, aweza kuketi mahali ambapo hajawahi kukanyaga? Baraza la Shirikisho la Uswisi, lililoamua shauri la mpaka wa Kolombia na Venezuela mwaka 1922, lilieleza kwamba kwa kanuni hii hapakuwa na ardhi isiyo na mwenyewe katika Amerika ya Kihispania: hata maeneo ambayo Wahispania hawakuyafikia yalihesabiwa kisheria kuwa ya jimbo fulani. Yaani ilikuwa possessio bila kukaa. Na wenyeji waliokuwa wamekaa huko kweli, kwa maana ya kwanza kabisa ya neno, hawakuwamo katika "ninyi".

Guatemala na Honduras zilipopeleka mgogoro wao kwa wasuluhishi, zilikuwa zimeandika katika mkataba wa 1930 kwamba mpaka ufuate uti possidetis ya 1821, lakini hazikuelewana kama maneno hayo yalitaja hali halisi au haki. Katika uamuzi wa mwaka 1933 wasuluhishi waliona kwamba msemo unahusu ukaliaji, na hivyo walitafuta utawala uliotekelezwa kweli kwa idhini ya mfalme.

Wakati wa kitenzi ulikwisha kufa hapo. "Jinsi mnavyokalia ya mwaka 1821" ni sentensi isiyowezekana katika lugha yoyote. Kilatini sahihi kingekuwa uti possidebatis, "jinsi mlivyokuwa mkikalia". Tena hata hiyo isingetosha, kwa sababu mwaka 1821 majimhuri hayo hayakuwa yakikalia kitu. Aliyekalia alikuwa mfalme.

Afrika: walivyokalia wao

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulianzishwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai 1964, wakuu wa nchi walikutana Cairo na kupitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati nchi zao zilipopata uhuru. Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea. Somalia na Morocco hazikulikubali, kila moja kwa sababu zake zinazojulikana. Azimio halikutumia maneno ya Kilatini. Yaliletwa baadaye na wanasheria, na yaliwekwa rasmi na chumba cha majaji watano wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, chini ya uenyekiti wa Mohammed Bedjaoui wa Aljeria, katika hukumu ya tarehe 22 Desemba 1986 kuhusu mpaka wa Burkina Faso na Mali. Nchi hizo mbili zilikuwa zimepigana mwishoni mwa Desemba 1985 kwa ajili ya ukanda wa Agacher.

Majaji walisema kwamba kanuni si desturi ya Amerika ya Kihispania pekee. Inaambatana na kuondoka kwa ukoloni popote pale, na shabaha yake ni kuzuia vita vya ndugu vinavyozushwa na kubishania mipaka mara mtawala anapoondoka. Waliifananisha na picha ya eneo iliyopigwa wakati wa uhuru, na saa iliyosimamishwa bila mishale yake kurudishwa nyuma. Mfano wa picha unafaa sana kwa mwanasarufi. Picha haina nafsi wala wakati. Huonyesha waliokuwapo tu. Na katika shauri hilo picha yenyewe haikuwa rahisi kusomeka. Volta ya Juu ilifutwa na Ufaransa mwaka 1932, sehemu zake zikagawiwa makoloni jirani, kisha ikarudishwa mwaka 1947 katika mipaka ya 1932. Ili kujua "jinsi mnavyokalia" ya mwaka 1960, majaji walilazimika kusoma amri za magavana na ramani za miongo iliyotangulia. Sheria ya kikoloni haikuwa na nguvu tena mbele yao. Ilikuwa ushahidi tu.

Hapa ndipo mabadiliko ya kitenzi yanapokamilika. Waliokalia walikuwa Wafaransa, Waingereza, Wabelgiji, Wareno. Wanaoambiwa waendelee kukalia ni Waafrika. Anayetaka kuandika kanuni ya Afrika kwa Kilatini chenye sarufi safi atapaswa kusema uti possidebant, ita possideatis: "walivyokuwa wakikalia wao, ndivyo mkalie ninyi". Wakati umepita, na nafsi ya pili imekuwa ya tatu katika nusu ya kwanza ya sentensi. Umbo la zamani, possidetis, linaficha mpito huo kutoka kwa wao kwenda kwa ninyi, na kumfanya msikilizaji adhani kwamba nchi za Afrika zinathibitishiwa kitu zilichokuwa nacho tayari.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Katanga ni ule ulimi wa ardhi wa Sakania unaoingia ndani ya Zambia. Ulitokana na mapatano ya tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Leopold II: mpaka uufuate mto Luapula hadi utokapo katika ziwa Bangweulu, kisha ushuke kusini kwa mstari ulionyooka hadi kwenye mgongo wa maji ya Kongo na Zambezi. Walipotia sahihi, utawala wao haukuwa umefika sehemu kubwa ya maeneo hayo. Ukaliaji ulikuwa wa wino. Hata hivyo msafiri wa Zambia anayetaka njia ya mkato kutoka Mufulira kwenda Mansa hupita katika ardhi ya Kongo, na hakuna hata serikali moja kati ya hizo mbili iliyoitwaa ardhi hiyo kutoka kwa mwenzake. Ni alter ab altero ya pretori iliyorudi kwa mlango mwingine: dhuluma ilitendwa kwa watu wa tatu, na watu hao si wahusika katika shauri la mpaka. Katika Kivu hali ni hiyohiyo. Mstari ulipatanwa Brussels mwaka 1910, miongoni mwa wapatanaji wakiwamo Wajerumani ambao vita viliwatoa katika eneo lote mwaka 1916.

Haifuati kutoka hapo kwamba kanuni ni mbaya. Kongo ilijipatia uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga, na Kasai ya Kusini ikafuata mwezi wa Agosti. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio nambari 169 la tarehe 24 Novemba 1961, lilikataa dai kwamba Katanga ni dola huru, na kujitenga kulikwisha Januari 1963. Wakuu wa nchi waliokutana Cairo mwaka mmoja na nusu baadaye walikuwa na kumbukumbu hiyo mbichi. Walijua pia kwamba hakuna mstari mwingine ambao wangeweza kukubaliana juu yake. Lakini yafaa itambuliwe kwamba hoja yao ni ya busara na amani, na inasimama kwa miguu yake. Kilatini hakiiongezei haki. Amri ya pretori haikumaliza swali la umiliki, bali ililiweka kando makusudi.

Namna "siku ya picha" inavyochaguliwa huonyesha zaidi kwamba wakati uliopo umeondoka. Sudan ya Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, lakini mpaka wake na Sudan ulirejeshwa kwa mkataba wa amani wa mwaka 2005 kwenye mstari wa tarehe 1 Januari 1956. Katika ziwa Nyasa ubishi umechukua sura nyingine. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki, hivyo Malawi hudai ziwa lote upande huo. Tanzania, tangu miaka ya 1960, hudai katikati ya maji, na hutaja ramani na ripoti za utawala wa Kiingereza wa baadaye. Nchi iliyolitetea azimio la Cairo kwa nguvu ikajikuta ikibishana juu ya picha ipi ndiyo ya kweli. Hakuna kigeugeu hapo. Wote wawili wanaikubali kanuni. Wasichokubaliana ni nini hasa "wao" walikuwa wakikalia, tena "wao" ambao mwaka 1890 walikuwa mataifa mawili na baada ya Vita Kuu ya kwanza wakawa taifa moja katika fuko zote.

Kuufasiri msemo kwa Kiswahili

Kiswahili kina njia tatu za kutafsiri, na kila moja inachagua maana. "Mnavyokalia" ni tafsiri ya amri ya Roma na ya Mkataba wa Breda: wakati uliopo, nafsi ya pili. "Mlivyokalia" ina utata wenye manufaa. Kwa kuwa kirejeshi hakikai na -me- katika Kiswahili sanifu, umbo la -li- hubeba kazi mbili: "kiti alichokalia" ni kile alichokalia jana na pia kile ambacho amekikalia hivi sasa. Utata huo ndio hasa uliozigombanisha Guatemala na Honduras. Ya tatu ni "mkaliavyo", kirejeshi kisicho na alama ya wakati. Inafaa kwa msemo uliokwisha kuwa jina, na ina mlio wa kale unaolingana na uti.

Waandishi wa Kiswahili lakini hawakuifuata hata moja. Husema "mipaka iliyorithiwa" au "mipaka iliyoachwa na wakoloni". Kama tafsiri ya Kilatini, maneno hayo yamekosa kila kitu: hakuna kiunganishi, hakuna ninyi, hakuna kuketi. Kama maelezo ya kanuni ya Afrika ni sahihi kuliko Kilatini chenyewe, kwa kuwa kurithi kunahitaji watu wawili na nyakati mbili, aliyekuwa nacho na anayekipokea. Kwa mhadhara wa sheria pendekezo linalofaa ni kuutumia msemo wa Kilatini unapotajwa kwenye hukumu, kuufasiri kwa "mkaliavyo", na kumwonyesha mwanafunzi mara moja ubaoni, sentensi moja chini ya nyingine, possidetis ya pretori na possidebant ambayo hakuna aliyeiandika.